Mkanda Unaosema Mjomba Kalala

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa Kartik
Daktari Pratima wa Kathmandu katufunga mikanda viunoni, sisi wapagazi. Ina kimashine kinachohisi mtikisiko, kisha kinakisia mwili umechoma nguvu kiasi gani. Ataongoza nani? Mimi Jasman, chui wa theluji! Mjomba Harkaman kasema mimi chui wa sahani ya wali.

Jumanne, 5 Kartik
Nimeongoza! Nilishuka bondeni na tenga tupu, nikicheza njia nzima. Mjomba alipanda na magunia, utepe wa kubebea mzigo kwenye kipaji cha uso, hatua moja pumzi moja. Akichoka anatia fimbo chini ya mzigo, anasimama vilevile, anapumua kwa mluzi. Kimashine kinasema — kapumzika! Nikamuuliza, "Mjomba, kitanda ulikipata wapi?" Hakucheka.

Jumatano, 6 Kartik
Balaa. Msimamizi wetu Tikaram kaona namba. Aliyechoma kidogo ale kidogo! Daktari kawaka: kimashine hakijui mzigo wala mlima, ndiyo maana bado anakijaribu. Tikaram: "Dada, mashine haina mjomba." Wangu kapakuliwa upawa mmoja, dengu maji matupu. Nikamsogezea sahani yangu. Kaisukuma. Kiburi cha kabila letu la Rai hicho!

Alhamisi, 7 Kartik
Nina akili, nyie! Mjomba akinawa uso, nikabadilisha mikanda. Wangu una uzi mwekundu, nikamwachia. Wake nikashuka nao nikirukaruka kama mbuzi. Jioni — mjomba kinara! Kala hadi kalegeza mkanda. Mimi tumbo linanguruma, moyo unacheka.
Halafu Tikaram kampiga bega: "Kumbe mzee una nguvu za nyati! Kesho utaongeza mabati juu ya magunia. Hutaki, rudi kwenu."
Moyo umeacha kucheka.

Ijumaa, 8 Kartik
Mabati yamefungwa. Mjomba kachuchumaa, utepe kipajini, hajainuka. Nimemnong'oneza: nilibadilisha mikanda. Kasema anajua, uzi mwekundu si anauona, mjinga mie. "Nilikuwa na njaa, mpwa."
Kasema nifunge mdomo. Nikisema, Tikaram atamrudisha nyumbani leo leo.
Lakini yale magoti!
Daktari anakagua mikanda, mmoja mmoja. Tikaram yuko nyuma yake, anapiga miluzi ya watu walioshiba. Wamebaki watu wawili wanifikie. Naandika ili mdomo usiropoke.
Kamfikia mjomba. Kashika mkanda. Kauona uzi. Kageuka — ananitazama mimi.
"Jasman, huu ni wa nani?"
Mjomba anainuka kabla sijajibu. Goti moja linakunjika — natupa kalamu nimshike!