Kosa la Baba Wakati wa Vita

Songea, Mei 1912

Kaka yangu mpendwa Hironimus,

Salamu nyingi zikufikie huko Peramiho, wewe na wifi. Natumaini u mzima, na ule mkono ulioumia kwenye useremala umepona. Sisi huku tunaendelea, ila baba. Baba hainuki tena. Uji tu ndio unaopita kooni.

Jibu lako Daudi, niliyemtuma kwako, amenifikishia. Ati hutakuja, ati mtu aliyewaua wenzake kwa tamaa azikwe na wenzake hao. Kaka, hayo si maneno yako. Ni ya jirani yetu Mama Osmund, hata ile "ati" ni yake.

Tumekua tukimsikia. Kila akitwanga alisimulia kuwa wanaume wote walikunywa maji ya dawa, wakaapa kutowagusa wake zao mpaka vita viishe, na baba peke yake akashindwa kujizuia. Ndipo dawa ikakosa nguvu na watu wakafa. Ushahidi wake ni mdogo wetu Adela. Mama huyo alihesabu miezi kwa vidole mbele yetu sisi watoto, bila haya, na wanawake wenzake wakiitikia ee, ee, kana kwamba risasi ya Mdachi huuliza kwanza jirani alilala wapi! Wapumbavu wale. Mdachi walimwogopa, wakamtafuta wa kumlaumu asiye na bunduki. Na sisi tukameza yote. Wewe ukahama nyumbani, mimi nikawa namwekea baba chakula mlangoni nisimtazame usoni.

Juzi huyo mama alikuja, eti kumwona mgonjwa. Akala ugali wetu, akashiba, kisha akasema kwa sauti ya kufika kitandani kuwa ni vema mtu aungame kabla ya kufa. Alipoondoka nilimlipukia baba. Nikamwambia aseme basi, kwa nini alituaibisha hivyo. Akaniambia nifunge mlango.

Kaka, Adela hakuzaliwa na marehemu mama yetu. Mimi na wewe tulipokuwa kwa bibi Umatengoni, baba na mama walikuwa wamejificha na wenzao msituni Matogoro. Siku moja askari walikaribia, na kichanga cha mmoja wa wenzao kikaanza kulia. Baba alimwona mama wa kichanga akikilaza majanini na kukimbia. Akarudi, akakiokota. Mama yetu alikuwa bado anamnyonyesha mdogo wetu Beda, basi watoto wakagawana maziwa, na njaa ile Beda wetu hakuivuka. Wenzao walikuwa wametawanyika siku ile, basi walipotoka msituni wakasema Adela ni wao.

Aliyekilaza majanini ni Mama Osmund. Ndiyo, huyo huyo! Alirudi akatangaza kuwa wake amekufa kwa homa. Hesabu ya miezi anaijua barabara kwa kuwa ni ya tumbo lake. Aliyevunja mwiko ni mumewe, yule anayemlilia kama shujaa.

Nilitaka kwenda kumwumbua palepale kwenye kinu chake. Baba alinishika mkono. Amesema mwenye kukimbia bunduki asihukumiwe, na Adela asijue kamwe kuwa aliwahi kutupwa. Amekubali nikuambie wewe tu. Yeye ana huruma, mimi sina hata chembe. Kila asubuhi namwamkia mwanamke yule shikamoo, na natamani kutema mate.

Jana alimshika Adela kidevu mbele ya wenzake, akamgeuza huku na huku, akacheka, akasema mtoto huyu ni baba yake mtupu, wamtazame hiyo pua. Wote wakaitazama, wakasema kweli kabisa.

Njoo, kaka. Kila akizinduka anauliza kama umefika. Barua hii ichome ukishaisoma. Nisalimie wifi sana, na wote wanaotukumbuka huko. Adela anakusalimu. Yuko ndani anamlisha baba uji.

Ni mimi dada yako,
Walburga