Kwa Nini Ulikuwa Unanituma Nje

Mama,

Sasa hivi Mwende amelamba kifuniko cha sufuria. Amekunja uso, akanitazama kama anayeuliza hiki ni nini, halafu akakilamba tena. Ulimwacha hajaota hata jino. Siku hizi anakimbia, na kila kitu lazima kipite mdomoni kwanza. Nimekaa naye hapa nje kwenye ngazi, nakuandikia nyuma ya kalenda ya mwaka jana kwa sababu daftari amelichana.

Ndani yuko Baba. Ana sahani ya nyama mbele yake na mimi naogopa kuangalia.

Tangu tukuzike, Mama, Baba hali. Chai anakunywa, mkate anamega, lakini chakula chenyewe anakisukuma. Kaka alimpeleka hospitali wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa. Shati lake la kanisani sasa linamkaa kama limeanikwa juu yake. Ndipo nikamwambia Kaka, mlete kwangu Uthiru akae kidogo, nitampikia nyama kama ya Mama. Nilijigamba hivyo kwenye simu. Simu ilipokatika nikakumbuka kwamba sijui ulikuwa unaipika vipi.

Na si kwamba sikuwa nakuangalia. Ulikuwa unaichemsha kwa maji yake yenyewe, bila haraka, mpaka ikauke ianze kulia kwenye sufuria. Ndipo kitunguu. Ndipo nyanya. Hukuonja na kijiko, ulidondosha mchuzi kwenye kiganja. Hayo yote nayajua. Lakini ikikaribia kuiva ulikuwa unaniambia, "Mutheu, hebu toka ukaangalie kama nguo zimekauka." Nguo gani, Mama, hata siku ya mvua? Nikirudi, umeshafunika. Nikikuuliza umeweka nini, unacheka. "Ukiolewa utajua." Haya, nimeolewa. Sijui.

Siku ya kwanza nilienda bucha nikaagiza steki, nyama tupu isiyo na mfupa hata mmoja, nikiona huko ndiko kumheshimu Baba. Akala kipande kimoja. "Nimeshiba, mwanangu." Siku ya pili nikafikiri labda ni viungo. Jirani yangu Mama Saidi, ambaye kwao ni Mombasa, akanipa bizari na mdalasini wake, akaniambia, "Mpikie hivi, atakula mpaka aume vidole!" Nyumba ikanukia kama kuna harusi. Baba akasema asante, akaomba chai. Aliyekula ni Mwende, tumbo likawa ngoma.

Nikaanza kujiuliza vitu vingi. Labda ni ile sufuria yako nyeusi. Labda ni makaa, maana mimi napikia gesi. Labda ulikuwa unasema maneno fulani juu ya chakula. Nilitamani nikuote, nikuulize hilo moja tu, halafu uende.

Leo asubuhi nikarudi bucha. Ni ile ile uliyokuwa unanunulia nyama wakati tukiishi huku na wewe ukifanya kazi ya kupikia watu Kitisuru. Yule mzee wa kisu bado yupo. Nikasema steki. Akaniangalia. "Kwani wewe si yule Mutheu wa Mama Mutheu? Na unanunua steki kama mgeni! Mama yako nilimkatia nyama miaka yote hiyo, steki hakuwahi kuigusa. Yeye ni mbavu, zenye mafuta kidogo. Halafu lazima aniambie, 'Na mfupa mmoja wa uboho, uufunge peke yake. Huo ni wa mzee.'"

Mama, nilisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika.

Tulikuwa watoto wanne. Tungeuona huo mfupa tungepigana, na Baba namjua, angetupa sisi abaki na mchuzi. Wenzangu walikuwa nje wakicheza. Aliyekuganda jikoni ni mimi. Kwa hiyo ulikuwa unanitoa, unauchomoa, unaufunika na ugali kwenye sahani yake. Na mimi miaka hii yote natafuta kiungo!

Lakini mbona hukuniambia hata nilipokuwa mkubwa? Ulikuwa unaona aibu? Na Baba, aliwahi kukushukuru, au nyinyi hamkuwa mnaongea mambo kama hayo? Na wewe, Mama, ulikuwa unakula kipande gani? Najaribu kuikumbuka sahani yako, siioni.

Basi leo nimepika mbavu. Nimeuweka mfupa chini ya ugali, nikamtengea, nikambeba Mwende, nikasema, "Baba, wacha nikaangalie kama nguo zimekauka." Akainua macho akanitazama sana. Nami nikatoka.

Ni muda sasa. Ndani kimya. Sijui kama ameuona. Sijui kama nimemfurahisha au nimemuumiza, na hilo ndilo linalonitoa jasho hapa. Naandika tu ili mikono ifanye kitu.

Ngoja.

Ko, ko, ko. Mama! Anaugonga kwenye sahani. Anautoa uboho. Hata Mwende ameinua kichwa anasikiliza. Ko, ko. Kimya tena. Sasa anavuta pumzi, au analia, sijui, lakini kiti hakijasogea. Yuko mezani.

Machozi yameharibu hapo juu, utasoma hivyo hivyo.

Pumzika, mamangu. Yule mzee wako usimwaze tena. Nakuahidi, siku zote atakazokuwa kwangu mfupa wake utafungwa peke yake, na Mwende akifika umri wa kuniganda jikoni, nitajua pa kumtuma. Na mimi nitajiwekea kipande kizuri kwenye sahani, ili siku moja akiikumbuka

Ananiita. "Mutheu! Kwani ugali ndio huu tu?" Mama, umesikia? Nilisonga kidogo nikijua atausukuma, sasa wacha niweke maji mengine haraka kabla