Kisu cha Sabuni Ukumbini Rayners Lane

Mpendwa Baba,

Mjukuu wako alioa jana, hapa Rayners Lane, London. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza wewe na mimi dukani Urambo. Kigujarati kilikuwa cha Mama, huko nyuma jikoni.

Unakumbuka ulivyonihadithia huku ukikata miche ya sabuni kwa kisu? Kwamba sisi Walohana ni uzao wa Lava, mwana wa mungu wetu Rama, watu wa vita tulioweka panga chini tukashika mizani. Ndiyo maana bwana harusi wetu huingia na upanga mkononi. Mimi nilikuwa nikicheka tu.

"Watu wa vita gani, Baba, na juzi panya kakupandisha juu ya gunia la chumvi?"

Ukacheka mpaka sabuni ikakatika upande. Machoni pangu ulikuwa muuza chumvi na kanga, mnunuzi wa asali na nta, basi.

Upanga wa ukoo Babu aliuacha Kathiawar, huko India, alipokuja Afrika, kwa hiyo siku ya harusi yako ulishika kisu hicho hicho cha sabuni. Mimi nikaja nacho London.

Kijana wangu alikwisha kukodi upanga wa dhahabu ya uongo, una vito vya plastiki. Nilipomtolea kisu chako, mpini umefungwa kamba, nilimtazama usoni. Akicheka naye, kitarudi kwenye droo na hadithi yako itaishia kwangu.

"Mum, Babu alioa na hiki? For real?"

"Na hicho."

Alikigeuza geuza. "Basi I'm cancelling the other one."

London hapa kutembea na kisu ni kesi, wajua. Nilikiviringisha kwenye kanga, nikakifungia nyuma ya gari, njia nzima naendesha taratibu kama mwizi.

Ngoma zikalia, akaingia. Baba, alikishika ncha chini, kidole gumba kimenyooka juu ya mgongo wa kisu, vile vile ulivyokuwa ukikandamiza sabuni. Sikumfundisha. Wewe ulifariki kabla hajazaliwa. Nikasimama peke yangu katikati ya wageni waliokaa, nikiutazama mkono wako ukipita.

Sasa naamini yote, hata Lava.

Pumzika, mtu wa vita.

Binti yako, yule wa kaunta