Vipande Viwili Chini ya Nguzo

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, kabla sijakuuliza goti lako linaendeleaje, nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu: nguzo iliyozama kazini kwa baba, niliizamisha mimi.

Goti je? Sisi tu wazima, ila mama ana mafua.

Tangu nimalize shule namsaidia baba kwenye jengo la chumba cha baridi cha kuhifadhia mboga. Chini ya zege tunatandika vibao vya povu gumu ili joto la ardhini lisipande. Ni vyepesi kama mkate, lakini ndivyo vinavyobeba jengo. Vigumu zaidi hulala chini ya nguzo na kuta, vilaini katikati ya sakafu. Kwa macho ni pacha. Kinachovitenga ni mstari mwekundu ubavuni mwa vigumu, na kibao kikikatwa mstari hupotea. Kazi yangu ilikuwa kuchora mwingine kwa penseli.

Siku ya kumwaga zege vipande viwili vilinipita bila alama. Mtandikaji wetu, mzee tunayemwita Babu Saruji, alivishika akaniuliza, "Mjukuu, hivi ndivyo vyenyewe?" Sikuwa na hakika. Mafundi walikuwa wamesimama na zege tayari, nikaona haya kusema sijui. Nikaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyopita nguzo ya kona ilishuka upana wa kidole, ukuta ukapasuka kutoka mlangoni hadi juu. Walipochimba pembeni wakakuta vile vipande vimebonyea kama godoro kuukuu. Msimamizi akamwambia Babu mbele ya watu, "Macho yako yamestaafu kabla yako."

"Basi na miguu iyafuate," Babu akajibu, akakung'uta kofia, akaenda zake, na hajarudi kazini. Watu walicheka. Mimi hakunitazama, Shangazi, na nadhani anakumbuka.

Baba amefanya kazi na Babu tangu sijazaliwa. Sasa amesafiri kutafuta vibao vingine.

Najuta sana. Ningesema sijui, zege lingesubiri kidogo, basi. Mara tatu nilijaribu kumwambia baba kabla hajasafiri, nikaishia kuuliza habari za misumari. Karatasi angalau hainikodolei macho.

Nisalimie bibi na wanao wote, hasa kitindamimba. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Baba anarudi Jumamosi. Nitamwambia, kisha nimwombe anipeleke kwa Babu. Baba akikupigia simu kabla ya hapo, nakusihi usimgusie jambo hili. Nataka alisikie kinywani mwangu.

Mwanao akupendaye kwa dhati,
Kimya