Tokeni Ndani ya Unga

Baba yangu mpendwa,

Leo tumekusomea dua ya arobaini hapa Buyenzi, na kaka Shabani amekuja. Yuko sebuleni, anawaonyesha wageni picha kwenye simu: stesheni yetu ya porini, kwenye reli ya Kigoma. Alipita huko akija. Paa limeng'olewa, mbuzi wanalala ofisini kwako, treni haisimami tena. "Hapa ndipo baba alipofukuzwa," anasema, "sababu aliacha kazi akaenda kula." Yaani, siku ya arobaini yako! Nimekimbilia chumbani, nakuandikia wewe.

Asubuhi ile kaka alikuwa anakwenda kusoma Tabora. Nilikuwa na miaka saba, sikutaka aende. Nilishakusikia ukijigamba: "Bila tokeni dereva hatoki, hata awe amembeba rais." Ulikuwa umeitundika msumarini, kile chuma ulichokuwa ukimkabidhi dereva wa treni kama ruhusa ya kuendelea na njia. Nikaichukua, nikaizika ndani ya pipa la unga, jikoni kwetu kando ya ofisi.

Treni ikasimama saa nzima, saa ya pili ikaanza. Abiria wanatukana. Ukaniinamia.

"Mama, hujaiona?"

"Apana, baba."

Ukatazama mikono yangu, nyeupe hadi viwikoni. Wallahi nilitamani unipige! Ukasema polepole, "Nenda kanawe," ukaingia jikoni, ukatoka unafuta tokeni kwa shati. Kaka alikuwa dirishani mwa behewa, akaona hilo tu. Wakubwa uliwaambia umeisahau mwenyewe jikoni, wakakutoa kazini. Tukaja Bujumbura, ukaziba pancha za baiskeli hadi mgongo ukapinda, na kaka hakukupigia simu hata siku ya Idi.

Nami nikanyamaza. Niliogopa atanichukia. Hata ulipokuwa kitandani ukauliza, "Shabani anakuja?" nilijifanya nakunja shuka, nikasema labda kesho. Naona aibu, baba. Naona aibu sana.

Sasa anacheka huko sebuleni, na wageni wanacheka naye. Basi, imetosha. Nikimaliza kuandika nafungua mlango. Namwita mbele ya wote, karatasi hii aisome mwenyewe, kwa sauti.

Kaka, ukifika hapa, jua kwamba siku ile baba hakula kitu.

Mola akulaze pema, baba. Nimenawa.

Binti yako