Wifi Kakiosha Kichwa cha Treni

Shoga, uko wapi?

Kile kichwa cha treni cha mfano, cha kukaa kiganjani, nilichokipaka rangi ya kutu na masizi miezi mitatu kwa kijibrashi ili kifanane na treni kuukuu. Wifi kakiosha!

KAKIOSHA. Kwa sabuni na dodoki!

Narudi kazini nakikuta kwenye kichanja cha vyombo, kinang'aa kama kijiko. Eti, "Nimekusafishia wifi, kilikuwa kichafu, wageni wangetucheka."

Wiki ya pili yuko kwangu, hajaosha hata kikombe alichonywea mwenyewe. Leo kaona cha kuosha ni treni yangu!

Nikamwambia ule uchafu niliupaka mimi, kwa makusudi. Kamgeukia kaka yake: "Si nilikwambia? Huyu mkeo uchafu kwake ni pambo."

Na mume wangu akacheka. Shoga, ALICHEKA. Mpaka akashika mbavu.

Basi nimejifungia chumbani. Shati lake jeupe la kuvaa harusini kesho limetundikwa hapa mbele yangu, limepigwa pasi, halina doa. Na kopo langu la rangi ya kutu bado halijaisha.