Jina Nililoliandika Kwenye Daftari la Maombi

Bweni la Tana,
Garissa.
Jumamosi, 7 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Mirriam,

Leo nimeapa kukuambia yote, isipokuwa neno moja ambalo si langu. Ukifika hapo utaliona pengo lake. Tafadhali usiniulize.

Kwanza, hamjambo huko Embu? Goti lako limepoa? Mtoto ameota meno? Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti. Wenzetu Waislamu wamekwenda nyumbani kwa Idd, bweni ni vitanda vitupu, ndiyo maana naandika bila mtu kuchungulia.

Likizo ya Aprili nilikuwa nikimsubiri mama kwenye ofisi ya rekodi, hospitalini anakofanya kazi. Wanahamisha faili za karatasi kwenye kompyuta, na siku ile foleni ilifika nje ya mlango. Mama akaniketisha kwenye kiti chake, akaunti yake ikiwa wazi, akaniambia niingize namba za kadi tu na macho yasiende kwingine. Unamjua. Skrini huigeuzia ukuta hata mfagiaji asione. Akatoka kuwapanga wagonjwa. Namba moja ikaleta jina la Mwalimu Rukiyo, anayetufundisha Biolojia. Nilipaswa kuendelea na kadi nyingine. Nikasoma mpaka chini.

Sikusoma kwa ubaya, wala sikumsengenya. Ijumaa moja ya Mei, katika Chama cha Wakristo, tuliulizwa ni nani anahitaji maombi. Nikaandika kwenye daftari jina lake na anachougua, ili tumwombee sawasawa. Nilidhani jambo nikimwambia Mungu, sijamwambia mtu. Tulikuwa kumi na wanane chumbani daftari liliposomwa. Tuliomba kwa machozi, Mama mdogo.

Jumatano iliyofuata, madawati mawili ya mbele yalikuwa wazi. Wenyewe walikuwa wamehamia nyuma, na msichana mmoja alipokea kitabu chake kwa ncha za vidole. Mwalimu alisimama kidogo na chaki mkononi. "Anayeniogopa aseme tu," alisema, "nitafundishia mlangoni." Kengele ilipolia akaja mpaka dawati langu. "Wewe hukuhama, abaayo," akaniambia. "Asante." Abaayo ni dada kwa Kisomali. Afadhali angenipiga.

Mwalimu alikwenda hospitali kulalamika. Kumbe kompyuta ile huweka kumbukumbu ya kila anayefungua rekodi, siku na saa, nayo ikaonyesha akaunti ya mama. Mama aliponitembelea Jumapili iliyopita alikuwa amekonda. Anaamini aliyechungulia ni Abdinasir, mwenzake wa meza moja, kwa sababu anaijua nywila yake na anakaa mtaa wa Iftin, nyumba ya tatu kutoka kwa mwalimu. Amewaambia wakubwa hivyo. Abdinasir ameagizwa akae nyumbani mpaka kikao cha tarehe 16. Ni yule aliyekuwa akinitania kila nikifika, "Daktari Kathure, leo umekuja kumchoma nani sindano?"

Nilimwuliza mama kama hapakuwa na mtu mwingine ofisini. "Mwingine nani? Labda wewe," alisema, akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Nami nikacheka.

Ule ukurasa nimeuchana, lakini wenzangu kumi na saba wameshausikia. Nikinyamaza, Abdinasir atafukuzwa kwa kosa langu. Nikisema, mama ataulizwa kwa nini alimwachia mtoto akaunti yake, na sijui kama watambakisha kazini. Hata hivyo nimeamua kusema. Siku hizi mwalimu akiingia darasani anatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kitu alichoibiwa. Labda akijua ni mimi ataacha kututazama hivyo. Labda, hata akinikasirikia, siku moja atanifundisha tena. Natumaini hivyo, ingawa siwezi kukueleza kwa nini.

Nakuandikia wewe kwa kuwa u muuguzi, na miaka yote hii sijakusikia ukimtaja mgonjwa hata mmoja. Zamani nilidhani huna habari za kutupa.

Barua hii anaileta Mwalimu Morris wa Kilimo, anayekuja kwao Embu kesho na kurudi Jumatano. Bahasha nimeitia gundi mara mbili. Ukiona imefunguliwa, niambie.

Msalimie nyanya, na Baba mdogo Kang'ethe, na umbusu mtoto. Mungu ailinde nyumba yenu pamoja na yote yanayosemwa ndani yake.

Hili moja tu nijibu kwa mkono wa Mwalimu Morris, maana baada ya Jumatano zinabaki siku chache: nianze kumwambia nani, mama au Mwalimu Rukiyo?

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,
Kathure